Kadi 48 za kujifunzia herufi na toni za Kithai

Mfanyabiashara anayetoka Goma kwenda Bangkok kutafuta nguo za jumla kule Pratunam anaweza kushika salamu na hesabu kwa kusikiliza tu. Kusoma ndiko kunakomkwamisha. Anakuta ขาว, ข่าว na ข้าว, zote tatu anazitamka "khaaw", kumbe ya kwanza ni nyeupe, ya pili ni habari na ya tatu ni wali. Wengi wakifika hapo hufungua jedwali la kanuni za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, lenye visanduku zaidi ya kumi, na kuanza kulikariri kama katekisimu. Wiki moja baadaye jedwali limevurugika kichwani na Kithai kimewekwa kando.

Usianzie kwenye jedwali. Anza kwa kujua kila konsonanti iko kundi gani kati ya matatu, la kati, la juu au la chini, ulijue bila kufikiri, kama unavyojua kwamba "kiti" huenda na "viti". Ukishafika hapo, kanuni zote zinaingia katika sentensi tano.

Vifaa

Nunua karatasi ngumu sita za ukubwa wa A4 papeteri, kalamu ya wino mweusi mzito na kaye moja. Kunja kila karatasi nusu kwa nusu mara tatu, kisha kata kwenye mikunjo: kila moja itakupa kadi 8, jumla 48. Alfabeti ya Kithai ina konsonanti 44, lakini mbili, ฃ na ฅ, hazitumiki tena katika maneno, ingawa bado zimo kwenye kibodi na kwenye orodha wanayoimba watoto shuleni. Kwa hiyo kadi 42 ni za konsonanti, 4 ni za alama za toni, na mbili zinazobaki andika HAI na MFU. Kazi yake utaiona mbele.

Kwenye simu ongeza kibodi ya Kithai. Pakua rekodi za alfabeti na za maneno wakati umeme na mtandao vipo, uzihifadhi kabisa kwenye simu, maana zoezi la kusikiliza linalokatika katikati halijengi sikio. Jifunze kwa mwandiko wenye vichwa, yaani vile viduara vidogo mwanzoni mwa herufi. Mabango na matangazo mengi ya Bangkok huviondoa viduara hivyo, na anayeanza na mwandiko huo hatofautishi herufi kabisa.

Toni tano, kabla ya herufi yoyote

Kiswahili hakina toni, lakini masikio ya Goma si mageni kwa jambo hili. Kinyarwanda, Kinande na Mashi ni lugha za toni, na anayejua Kilingala anajua kwamba moto ni mtu na motó ni kichwa, kokoma ni kuandika na kokóma ni kufika. Kithai kinakwenda mbali zaidi kidogo, kwa sababu sauti inaweza kupanda au kushuka ndani ya silabi moja.

Hapa toni zina majina haya na namba hizi. Toni bapa ni 0: sauti yako ya kawaida, inyooke hadi mwisho. Toni nzito ni 1: anza chini ya sauti yako ya kawaida ubaki huko. Toni ya kushuka ni 2: anza juu kisha angusha, kama unavyomkemea mtoto "We!" Toni nyembamba ni 3: anza juu ya kawaida, kaza koo, mwisho upande kidogo. Toni ya kupanda ni 4: shuka kwanza, kisha inua, kama unapouliza "Eeh?" baada ya kutosikia. Namba hizi si zetu tu. Wathai wenyewe huita toni na alama zao ek, tho, tri na chattawa, ambazo ni moja, mbili, tatu na nne zilizotoka Kisanskriti.

Tamka "aa" kwa toni zote tano mfululizo, 0 hadi 4, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, siku tatu nzima. Jirekodi na ulinganishe. Kosa la kwanza kwa msemaji wa Kiswahili ni kuchanganya 3 na 4, kwa kuwa zote zinaishia juu. Sikiliza mwanzo wake: 4 lazima ianzie chini.

Nimetumia "nzito" na "nyembamba" kwa toni makusudi. Makundi ya herufi yanaitwa kati, juu na chini, na wanafunzi wengi hupotea kwa kudhani herufi ya juu hutoa toni ya juu. Mambo ni kinyume chake: herufi ya juu haitoi toni nyembamba kamwe, na herufi ya chini haitoi toni nzito kamwe.

Pumzi

Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema "papa" kama inavyosemwa kwa Kifaransa: hewa haigongi kiganja. Hiyo ndiyo p ya ป. Sasa sema p hiyo hiyo ukipuliza, kiganja kisikie upepo: hiyo ni ph, ya ผ na พ. Fanya hivyo kwa k na kh, t na th. Kwa จ tamka ch isiyo na pumzi, inayoelekea j. Zingatia kwamba th hapa si ya "thelathini", na ph si f.

Usiruke hatua hii. Anayesoma ป na พ kwa sauti moja atakuwa anachanganya kundi la kati na kundi la chini, na toni yake itakosea hata akijua kanuni zote.

Kuhusu ง, tuna bahati: ni ng' ya "ng'ombe". Ila uitamke kama kitabuni, bila kugonga g, maana kwetu wengi husema "ngombe".

Panga kadi sakafuni

Tandika mkeka na panga kadi 25 hivi, mistari mitano:

ก ข ค ฆ ง
จ ฉ ช ฌ ญ
ฏ ฐ ฑ ฒ ณ
ต ถ ท ธ น
ป ผ พ ภ ม

Soma kwa safu za wima. Safu ya kwanza yote ni kundi la kati. Safu ya pili yote ni kundi la juu. Safu ya tatu, ya nne na ya tano zote ni kundi la chini. Nashangaa ni vitabu vingapi vinatoa makundi haya kama orodha tatu za kukaririwa bila kuonyesha jambo hili, wakati alfabeti yenyewe imepangwa hivyo.

Mpangilio umetoka India, na unakwenda kwa mahali sauti inapotokea mdomoni: mstari wa kwanza kooni, wa mwisho midomoni. Safu ya kwanza ni sauti zisizo na pumzi, ya pili zenye pumzi, ya tatu na ya nne zilikuwa sauti za mtetemo, g, j, d, b, na ya tano ni za puani. Katika Kithai cha kale, kile cha enzi za ufalme wa Sukhothai ambako jiwe lenye maandishi linalohesabiwa kuwa la mfalme Ramkhamhaeng lina tarehe ya 1292, พ ilisikika kama b na ค kama g. Mtetemo huvuta sauti chini. Baadaye mtetemo ukapotea, พ ikawa ph sawa na ผ, lakini tofauti ya sauti ilibaki, ikazigawa toni zilizokuwepo. Ndiyo maana kuna herufi mbili au tatu kwa sauti moja, na ndiyo maana kundi linaitwa la chini.

Sasa ongeza kadi zilizobaki. ฎ, ด na บ zinaingia safu ya kwanza, mbele ya ฏ, ต na ป. ฝ inakaa baada ya ผ, kundi la juu. ซ inakaa baada ya ช na ฟ baada ya พ, kundi la chini. Chini ya yote weka mstari wa mwisho: ย ร ล ว ni za chini, ศ ษ ส ห ni za juu, ฬ ya chini, อ ya kati, ฮ ya chini. Hesabu: kati 9, juu 10, chini 23. Ikikosekana moja, imebaki kwenye bahasha.

Kila siku zikusanye, zichanganye, uzipange tena. Siku utakapozipanga zote bila kutazama popote, makundi umeyamaliza. Kwa nusu saa kila siku, wiki mbili zinatosha. Herufi kama ฌ, ฑ, ฒ, ฬ na ฏ zipo hasa kwa maneno ya Kisanskriti na Kipali. Zijue mahali pake sakafuni, usizipotezee jioni nzima.

Sentensi za kukumbukia, na jina la herufi

Watoto wa Thailand hukariri kundi la kati kwa sentensi inayosema kuku alimdonoa mtoto akafa juu ya mdomo wa mtungi, na kundi la juu kwa sentensi ya mzimu ulioniachia mfuko wa mchele. Kwa Kithai zinafaa, kwetu hazisaidii kwa sababu sauti hazilingani. Tumia hizi:

Kundi la kati: *Kwa chukudu dogo tena bovu, pakia ananasi.* Mianzo ni k, ch, d, t, b, p na irabu: ก จ ด ต บ ป อ. Ongeza ฎ kwenye d na ฏ kwenye t.

Kundi la juu: *Fatuma, peleka tangawizi kwa Sifa, halafu chai.* Mianzo ni f, p, t, k, s, h, ch, zote zikiwa na pumzi: ฝ ผ ถ ข ส ห ฉ. Ongeza ฐ kwenye t, na ศ ษ kwenye s.

Kisichomo katika sentensi hizo mbili ni cha chini. Usitafute sentensi ya tatu.

Njia nyingine, ambayo naiona bora kuliko zote kwa muda mrefu, ni kutamka jina kamili la herufi pamoja na toni yake. Kila konsonanti ina jina lenye neno la mfano, na sauti ya kwanza ya jina hutamkwa kwa toni ya kundi: herufi za juu kwa toni 4, za kati na za chini kwa toni 0. ข ni "khoo4 khai1", kh ya yai. ค ni "khoo0 khwaay0", kh ya nyati-maji. ส ni "soo4 suea4", s ya chui milia. ซ ni "soo0 soo2", s ya mnyororo. Ukizoea kuziita kwa sauti hiyo, sikio linakumbuka kundi hata akili ikisahau. Anayejifunza kwa kusema "kho, so, ho" kwa sauti moja iliyolala ameitupa zawadi hii.

Kwa macho, jozi tatu hukosesha sana: ผ na พ, ฝ na ฟ, ถ na ภ. Tazama kiduara. Kikigeukia ndani (ผ ฝ ถ), herufi ni ya juu. Kikigeukia nje (พ ฟ ภ), ni ya chini.

Silabi hai na silabi mfu

Wathai hugawa silabi mbili. Hai ni ile ambayo sauti yake inaweza kuendelea: inaishia kwa irabu ndefu, au kwa m, n, ng', y, w. Mfu ni ile inayokatika: inaishia kwa irabu fupi, au kwa p, t, k. Irabu ำ, ไ, ใ na เ-า ni fupi kwa sauti lakini huhesabiwa hai, kwa sababu ndani yake kuna m, y au w.

Konsonanti ya mwisho haina kundi. Kazi yake ni kuonyesha kama silabi ni hai au mfu tu. Tena mwishoni herufi nyingi hubadili sauti: จ, ช, ซ, ส, ศ, ษ na ท zote huwa t, พ na ฟ huwa p, ร, ล na ญ huwa n. Neno รถ, gari, linaishia kwa ถ ya kundi la juu, lakini ถ hapo ni t ya kufunga tu. Toni inatoka kwa ร.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza zaidi. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, na ulimi unapenda kuongeza moja: รัก, penda, inakuwa "raki", ครับ, neno la heshima la wanaume, inakuwa "khrapu". Silabi mfu ikiongezewa irabu imefufuka, na toni imeharibika. Funga p, t, k bila kuifungua: midomo au ulimi ufike mahali pake ubaki hapo. Weka kiganja tena, hewa isitoke.

Kanuni katika sentensi tano

Ukikutana na silabi, tafuta kwanza konsonanti inayoianza, tambua kundi lake, kisha tazama kama kuna alama juu. Alama ikiwepo, usijali hai wala mfu.

Moja. Herufi ya kati hutii alama kama ilivyo: ่ ni 1, ้ ni 2, ๊ ni 3, ๋ ni 4. ไก่ kuku ni kai1, บ้าน nyumba ni baan2, โต๊ะ meza ni to3, เดี๋ยว subiri kidogo ni diaw4. Alama ๊ na ๋ ni za kundi hili peke yake. Ukiziona, kundi umeshalijua.

Mbili. Herufi ya juu hutii ่ na ้ vilevile: ไข่ yai ni khai1, ข้าว wali ni khaaw2.

Tatu. Herufi ya chini huruka hatua moja mbele: ่ inatoa 2, ้ inatoa 3. แม่ mama ni mae2, พ่อ baba ni phoo2, น้ำ maji ni naam3, ม้า farasi ni maa3.

Nne. Bila alama, silabi hai ni 0, isipokuwa kundi la juu ambalo ni 4. ปลา samaki ni plaa0, มา kuja ni maa0, ขา mguu ni khaa4.

Tano. Bila alama, silabi mfu ni 1 kwa kati na juu (ปาก mdomo ni paak1, สิบ kumi ni sip1). Kwa herufi ya chini, irabu fupi inatoa 3 na ndefu inatoa 2. นก ndege ni nok3, ลูก mtoto wa mtu ni luuk2.

Ukiacha kutambua hai na mfu pale silabi inapoishia kwa irabu, urefu wa irabu una kazi katika kanuni ya toni mahali hapo pamoja tu: herufi ya chini, silabi mfu, bila alama. Kwingine kote usipoteze muda kuupima kwa ajili ya toni, ingawa kwa matamshi bado unahitajika.

Zoezi la kadi: funika herufi zote, chomoa konsonanti moja, kisha chomoa kati ya HAI, MFU na alama nne. Taja namba ya toni ndani ya sekunde tatu. Ukichomoa MFU na herufi ya chini, taja zote mbili, fupi na ndefu. Ukichomoa ๊ au ๋ na herufi isiyo ya kati, sema "haipo". Raundi ni kadi 20. Usipopata 18 sahihi, rudia siku ya pili kabla ya kuendelea.

Kwa nini sauti kh ina herufi ya juu na ya chini? Kwa sababu zinashirikiana kufikisha toni tano: คา khaa0, ข่า khaa1, ค่า khaa2, ค้า khaa3, ขา khaa4. Neno la biashara lenyewe limebeba zote mbili: ค้าขาย, khaa3 khaay4.

ห inayoongoza

Sauti za m, n, ng', y, r, l, w hazina mwenzake wa juu. Ili zipate toni 1 na 4, Kithai huweka ห mbele, kimya, ikikopesha kundi lake. Hivyo มา kuja ni maa0, ม้า farasi ni maa3, หมา mbwa ni maa4. Vivyo hivyo นา shamba la mpunga ni naa0, หน้า uso ni naa2, น้า ndugu mdogo wa mama ni naa3, หนา nene ni naa4. Usiitamke h hiyo.

Maneno manne tu hutumia อ kwa kazi hiyo mbele ya ย: อย่า usifanye, อยู่ kuwepo, อย่าง namna, อยาก kutaka. Yote manne ni toni 1. Yakariri leo, yamekwisha.

Kuna maneno ambamo herufi ya kati au ya juu, ikiwa na "a" fupi isiyoandikwa, huipa kundi lake silabi inayofuata, endapo hiyo inaanza kwa m, n, ng', y, r, l au w. ตลาด, soko, ni ta1-laat1: ล imechukua kundi la ต. ถนน, barabara, ni tha1-non4. อร่อย, tamu, ni a1-roy1. Lakini สบาย, kujisikia vizuri, ni sa1-baay0, kwa kuwa บ ina kundi lake na haikopi. Mengine hayafuati: สมาคม, chama, ni sa1-maa0-khom0. Ukikutana na neno refu jipya la aina hii, lisikilize kabla ya kuliamini.

Makosa yanayorudi rudi

Alama ya toni hukaa juu ya konsonanti ya pili pale zinapofuatana mbili. Katika กล้วย, ndizi, ้ iko juu ya ล, na msomaji asiyejihadhari huchukua kundi la ล na kusoma 3. Toni hutoka kwa ก: kluay2. Katika ใหม่, mpya, ่ iko juu ya ม lakini ห ndiyo inayotawala: mai1. Irabu เ แ โ ใ ไ nazo huandikwa mbele ya konsonanti. Ziruke kwa jicho utafute konsonanti kwanza.

Jozi ya kuogopa ni ไกล mbali, klai0, na ใกล้ karibu, klai2. Mpanda teksi anayekosea hapo amesema kinyume kabisa cha alichotaka.

Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unaharibu pia. Kithai huelemea silabi ya mwisho ya neno, kwa hiyo อร่อย si "ároy". Na usiinue sauti mwisho wa swali. Kwetu "Unakuja?" huinuka; kwa Kithai kuinua kunabadilisha neno la mwisho. Swali hubebwa na neno lake, ไหม.

Wanawake wajue ค่ะ na คะ. Ya kwanza, yenye ่, ni kha2 na hufunga taarifa. Ya pili, mfu fupi ya chini, ni kha3 na hufunga swali. Hata Wathai huziandika vibaya kwenye ujumbe, kwa hiyo usijifunze hili kutoka kwenye simu za watu.

Kusoma kwa hatua

Chukua ประตูน้ำ, jina la Pratunam, maana yake lango la maji. ประ: inatawala ป ya kati, hakuna alama, irabu fupi, mfu: pra1. ตู: ต ya kati, irabu ndefu, hai: tuu0. น้ำ: น ya chini yenye ้, inaruka hatua: naam3. Pra1-tuu0-naam3.

Dukani utahitaji ราคาเท่าไหร่, bei gani. ร na ค za chini, hai: raa0-khaa0. ท ya chini yenye ่: thao2. ห inaongoza ร, ่: rai1. Kisha ลดได้ไหม, unaweza kupunguza? ล ya chini, mfu, fupi: lot3. ด ya kati yenye ้: daay2. ห inaongoza ม, hai, bila alama: mai4.

Ukiziweza hizo, jaribu sentensi ambayo Wathai wenyewe huchezea ulimi: ไม้ใหม่ไม่ไหม้ไหม, yaani mbao mpya haiungui, au? Iandike kwenye kaye, chini ya kila silabi andika kundi, alama na namba. Unapaswa kupata mai3 mai1 mai2 mai2 mai4. Ukipata 2 badala ya 3 kwenye ya kwanza, umesahau kwamba ม iko chini na inaruka. Ukipata 3 kwenye ya nne, hukuiona ห.

Pale sikio litakapopingana na kanuni

Katika mazungumzo ya haraka maneno machache ya kila siku hubadilika. ไหม husikika mai3, na watu huiandika มั้ย kwenye ujumbe. เขา, yeye, husikika khaw3. ฉัน, mimi, husikika chan3. Soma kwa 4, sema kama wanavyosema.

Maneno yaliyotoka Kiingereza mara nyingi huandikwa bila alama. คอมพิวเตอร์, kompyuta, kwa kanuni ingekuwa 0 tupu, lakini husemwa khom0-phiw3-toe2. Kiduara kidogo chenye mkia juu ya ร hapo kinaua herufi: isome kana kwamba haipo. Maneno ya aina hii yaweke ukurasa wake mwisho wa kaye, ukiandika namba ya toni uliyoisikia kando ya ile ya kanuni.